Salamabila: Familia inayohama itafute shule kwanza, nyumba ifuate

Pikipiki mbili zinapoingia Salamabila zikiwa zimebeba godoro, sufuria, mfuko wa nguo na watoto walioshikamana na mama yao, swali la kwanza ambalo baba huulizwa ni hili: "Unaenda shimo gani?" Swali la pili ni la nyumba: atapanga wapi, na kwa bei gani. Swali la tatu, la watoto watasomea wapi, mara nyingi halina wa kuliuliza. Linangoja Septemba. Na Septemba inapofika, garanti imekwisha ingia mfukoni mwa mwenye nyumba, baba ameshaingia shimoni, na masomo yako upande mwingine wa mji, mbali na lupangu walipofikia.

Utaratibu huo wa maswali unapaswa kugeuzwa. Familia inayotoka mbali kuja Salamabila, au inayotoka Salamabila kwenda Kasongo au Kindu, ingeanza na shule, kisha nyumba, kisha ndipo baba atafute njia ya kwenda kazini. Wengi watasema hayo ni maneno ya watu wenye pesa. Si kweli. Tajiri akikosea mtaa, hununua pikipiki ya kupeleka watoto. Maskini akikosea mtaa, mtoto wake huacha masomo.

Watu wanakuja, na wataendelea kuja

Salamabila, katika territwari ya Kabambare kusini mwa jimbo la Maniema, ni mji uliokuzwa na dhahabu. Namoya, mgodi ulio jirani, uko umbali wa kilomita kama 225 kusini-magharibi mwa Bukavu, na dhahabu yake inajulikana tangu enzi za Wabeleji. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilianza uzalishaji wa biashara hapo Januari 2016. Machi 2017 wafanyakazi 5 wa mgodi walitekwa nyara na watu wenye silaha. Julai 2019 wengine 4 wakatekwa. Septemba 2019 kampuni hiyo ilisimamisha kazi zake, na baadaye mgodi ukapita mikononi mwa wengine.

Kampuni huja na kuondoka, lakini wachimbaji wa mikono hawakuondoka. Kinyume chake, bei ya dhahabu duniani imepanda kwa namna ambayo wazee wa machimbo hawajapata kuiona: mwaka 2025 ilivuka dola 3,000 kwa aunzi mwezi Machi, na ikavuka dola 4,000 mwezi Oktoba. Habari kama hiyo haihitaji redio kufika vijijini. Inafika na motari, na mfanyabiashara wa dhahabu, na simu ya ndugu anayesema "njoo, huku kuna maisha".

Wako pia wasiokuja kwa sababu ya dhahabu. Vita imewasukuma watu kutoka kijiji hadi kijiji kusini mwa Maniema, na kutoka Kivu ya Kusini kuelekea Maniema. Mapigano kati ya jeshi la taifa FARDC na kundi la Mai-Mai Malaika yaliwahi kuifanya Salamabila yenyewe mahali pa kukimbia na mahali pa kukimbilia kwa wakati mmoja. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilifanya kazi hapo kwa sababu mahitaji ya raia yalikuwa makubwa. Mama aliyekimbia usiku na watoto hachagui mtaa. Lakini hata yeye, akisha kaa wiki chache kwa ndugu au katika familia iliyompokea, hufika siku ya kutafuta kwake. Siku hiyo ndiyo inayozungumziwa hapa.

Zamani kambi ilikuja na shule

Wazee waliofanya kazi katika makampuni ya madini ya zamani wanakumbuka utaratibu mwingine. Katika miji ya SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 na iliyoshika migodi mingi ya Kivu na Maniema hadi miaka ya 1990, mfanyakazi alipewa nyumba kambini, na kambi ilikuwa na shule na hospitali yake. Mfanyakazi alihamishwa kutoka mgodi mmoja kwenda mwingine, na mtoto wake akabadilisha kalasi tu.

Utaratibu huo ulikuwa na ubaya wake. Ulimfunga mtu kwa mwajiri wake, na kampuni ilipoanguka, shule ilianguka nayo. Lakini ulikuwa umejibu swali moja ambalo leo limeachwa wazi: nani anahakikisha kwamba mahali panapoitwa watu kufanya kazi pana darasa la watoto wao? Mchimbaji wa leo hana kambi. PDG wa shimo anampa chakula na tochi, hampi nyumba wala shule. Anajitafutia mwenyewe, tena kwa haraka, na kwa kawaida anachagua chumba kilicho karibu na shimo, kwa sababu hiyo ndiyo njia anayoipita kila siku.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Nyumba iliyo karibu na shimo inamweka baba karibu na kazi, na inamweka mtoto pia karibu na kazi hiyo hiyo. Mtoto wa miaka kumi anayeamka akisikia wamama wakitwanga mawe, na ambaye masomo yake yako mwendo wa saa moja kwa mguu, hahitaji kushawishiwa na mtu. Siku mvua inaponyesha anabaki. Anaokota mawe kidogo, anapewa franka za kununua andazi. Wiki inayofuata anabaki siku mbili. Mwisho wa mwaka mwalimu anafuta jina lake, na nyumbani wanasema "alikataa masomo". Hakukataa. Shimo lilikuwa karibu kuliko shule.

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 10, 2009 inakataza kazi mbaya kabisa za watoto, na kazi ya machimbo ni mojawapo. Lakini sheria haiwezi kusimama mlangoni kila asubuhi. Mahali nyumba ilipo panaweza kufanya hivyo.

Kwa msichana umbali una bei nyingine. Katika eneo ambalo watu wenye silaha wamewahi kuvamia na ambako ubakaji umetumiwa kama silaha, njia ndefu yenye nyasi pande mbili si jambo la miguu kuchoka tu. Wazazi wengi wanaomwachisha binti masomo akifika darasa la tano au la sita hawafanyi hivyo kwa dharau. Wanaogopa njia. Nyumba iliyo karibu na shule, hata ikiwa ni chumba kimoja cha udongo chenye paa la nyasi, inamwongezea binti huyo miaka ya masomo ambayo nyumba ya mabati iliyo mbali haiwezi kumpa.

Shule nzuri inajulikanaje?

Mzazi mgeni akiuliza shule nzuri ni ipi, huonyeshwa ile yenye ukuta uliopakwa rangi. Rangi haifundishi. Kuna alama nyingine ambazo mtu yeyote anaweza kuziangalia, hata asiyejua kusoma.

Ya kwanza ni walimu. Je, wako? Mtu apite shuleni siku ya kazi, saa nne ya asubuhi, bila kuaga. Kalasi ikiwa na watoto na haina mwalimu, hiyo ni habari tosha. Kisha aulize ni walimu wangapi wanaolipwa na Leta. Katika shule nyingi za Congo, hasa zile zinazoitwa "nouvelles unités", wako walimu wanaofundisha miaka na miaka bila mshahara wa serikali. Mwalimu asiyelipwa si lazima awe mbaya; wengine ni hodari kabisa. Lakini naye ana watoto, na shimo linamwita kama linavyomwita baba wa mwanafunzi. Shule ambayo walimu wake wote wanangoja kulipwa ni shule inayoweza kufungwa siku dhahabu itakapoonekana mahali pengine.

Ya pili ni kalasi. Shule iko na darasa la kwanza hadi la sita, au inaishia la nne? Familia nyingi huhama mara ya pili kwa sababu hazikuuliza swali hili. Na kwa sekondari, mzazi aulize ni mikondo gani inayofundishwa katika humanité: pedagogia, biashara, sayansi, ufundi? Mtoto anayependa ufundi akiingizwa pedagogia kwa sababu ndiyo iliyopo, atapata diplome, lakini itakuwa diplome ya bahati, wala si ya mapenzi yake.

Ya tatu ni matokeo. Wanafunzi wa darasa la sita hufanya mtihani wa mwisho wa masomo ya msingi, na wa mwisho wa sekondari hufanya mtihani wa taifa, Exetat, uliopo tangu 1967. Prefe wa masomo au direkta anajua ni wangapi waliingia na wangapi walifaulu mwaka uliopita. Akikataa kusema, wazazi wa jirani watasema.

Ya ine ni mambo madogo ambayo si madogo: kuna vyoo, na vya wasichana vimetengwa? Kuna maji? Mtoto atakaa kwenye benchi au kwenye tofali alilotoka nalo nyumbani? Kalasi moja ina watoto wangapi?

Mtu asichague kwa jina la dini peke yake. Tangu makubaliano ya 1977 kati ya serikali na madhehebu, shule nyingi za umma nchini zinaongozwa na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, na Waislamu nao wana zao. Kusini mwa Maniema, ambako Uislamu ulifika kabla ya Ubeleji na ambako jimbo katoliki la Kasongo lina mizizi mirefu, watoto wa Waislamu hukaa benchi moja na watoto wa Wakristo, na hakuna ajabu. Shule nzuri ni ile yenye mwalimu aliyepo. Mengine familia itayamaliza nyumbani.

Pesa na karatasi

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza hilo. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa alipe karo ili mtoto aingie darasa la pili katika shule ya umma ana haki ya kuuliza pesa hiyo ni ya nini. Sekondari ni jambo lingine. Huko karo ipo, na familia inayohama na watoto wawili wa sekondari inapaswa kuihesabu pamoja na kodi ya nyumba, si baada yake. Chumba cha bei rahisi kilicho mbali, ukiongeza pesa ya motari ya kila siku, kinaweza kuwa ghali kuliko chumba cha bei ya juu kilicho jirani na shule. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kulipa garanti, maana garanti ikisha tolewa, kuirudisha ni safari nyingine.

Kuhusu garanti, sheria ya Desemba 31, 2015 juu ya nyumba za kupanga imeweka mpaka wa miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Ni kweli kwamba katika mji wa dhahabu mwenye nyumba anaweza kudai miezi sita na akampata wa kumlipa. Lakini mpangaji anayejua sheria anazungumza tofauti na asiyejua, na mkubwa wa mtaa akishuhudia mapatano, maneno hayageuki kirahisi.

Karatasi ndizo zinazosahauliwa zaidi. Familia inabeba sufuria na kuacha buletini. Mtoto akifika bila buletini ya mwaka uliopita wala barua ya shule aliyotoka, direkta mwenye moyo mzuri atampima na kumpa kalasi. Mwingine atamrudisha nyuma mwaka mmoja au miwili. Kwa mwanafunzi wa sekondari hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mtahiniwa wa Exetat anatakiwa kuwa na dosie kamili ya miaka yake ya nyuma na namba yake ya SERNIE. Kijana aliyefika darasa la mwisho ndipo agundue kwamba buletini za miaka miwili zilibaki katika kijiji kilichochomwa, anapoteza mwaka ambao baba yake hawezi kuununua kwa dhahabu.

Mtoto mchanga naye asisahauliwe. Kuandikisha mtoto kwa ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa ni bure. Watoto wengi wanaozaliwa machimboni hawaandikishwi, kwa kuwa wazazi wanasema "tutaandikisha tukirudi kwetu". Mara nyingi kurudi kwenyewe hakutokei.

Kuacha watoto Kasongo?

Wako wazazi Salamabila ambao wamekata shauri lingine. Wao wanabaki dhahabuni, na watoto wanawatuma Kasongo, Kindu, au zamani Bukavu, kwa mjomba, kwa shangazi au kwa tate. Wanasema masomo ya mji mkubwa ni bora, na mtoto hataona vurugu za machimbo. Hoja hiyo ina uzito. Kasongo ni mji wa masomo kwa muda mrefu, na mtoto wa humanité anayetafuta mkondo usiopatikana Salamabila hana njia nyingine.

Lakini njia hiyo ina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba mji wa mbali unaweza kufungwa na vita. Bukavu iliingia mikononi mwa M23 Februari 2025, na mzazi aliyeko Maniema ambaye mtoto wake alikuwa huko alijua maana ya kuwa na mtoto ng'ambo ya mstari wa mapigano. Mtego wa pili ni wa kimya. Mtoto wa miaka minane anayeishi kwa mjomba ambaye pesa ya kumlisha inachelewa miezi mitatu, polepole anakuwa wa kuchota maji na wa kulea watoto wengine. Anasoma akiwa amechoka, au hasomi. Mjomba si mtu mbaya. Naye ana mzigo wake, na ahadi ya pesa za dhahabu haipikiki chunguni.

Kwa hiyo mgawanyo huu ungefaa. Mtoto wa shule ya msingi akae na wazazi wake, au angalau na mama yake, na nyumba itafutwe karibu na shule ya msingi yenye walimu. Mtoto wa sekondari, mwenye umri wa kujisemea, anaweza kutumwa mbali, ikiwa mapatano ni wazi: nani analipa karo, nani analisha, pesa inapita wapi na lini, na mtoto anarudi likizo gani. Mapatano hayo yasemwe mbele ya mtoto mwenyewe. Undugu hauharibiki kwa kuhesabu. Huharibika kwa kutohesabu.

Na kama ni familia nzima kuhama, baba atangulie peke yake. Mchimbaji hajui kama shimo litatoa baada ya mwezi au litazama maji. Kumtoa mtoto darasani Februari, kumpeleka Salamabila, kisha kumtoa tena Mei kwa sababu shimo limekauka, ni kumvunjia mwaka mara mbili. Mwaka wa masomo unaanza mwanzoni mwa Septemba. Julai na Agosti ndiyo miezi ya kuhamisha watoto: barabara ni kavu zaidi, buletini zimetoka, shule zinaandikisha. Baba aliyefika mapema, miezi minne au mitano kabla, atakuwa ameshajua ni mtaa gani wenye usalama na ni shule gani yenye walimu. Vita haingoji Julai, hilo linaeleweka. Lakini dhahabu inaweza kungoja.

Mzigo si wa mzazi peke yake

Itakuwa dhuluma kumwachia mzazi kazi yote hii kana kwamba shule nzuri zimejaa kila mtaa na yeye tu ndiye hajui kuchagua. Mahali pengi hakuna cha kuchagua. Iko shule moja, kalasi zimejaa, na nyumba zote zilizo karibu nayo zimekwisha pangishwa.

Hapa viongozi wana maswali ya kujibu. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema kwamba katika malipo ambayo kampuni inatoa kwa madini inayochimba, asilimia 15 ni ya sekta au usultani ambako uchimbaji unafanyika, na asilimia 25 ni ya jimbo. Tena inalazimisha kampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya wakaaji, na kutia sahihi cahier des charges pamoja nao. Wakaaji wa Salamabila wana haki ya kujua, kila mwaka, ni pesa ngapi zilizoingia kwa njia hizo na zimejenga nini. Habari hiyo ingebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya sekta na kusomwa kanisani na msikitini. Magomvi mengi juu ya cahier des charges, ambayo mengine yalisababisha damu kumwagika, yalipata nguvu pale ambapo raia hawakuona karatasi wala jengo.

Machifu na wakubwa wa mitaa nao wana sehemu yao. Mji unapopanuka kwa kasi, kiwanja kinauzwa kwa anayetoa pesa ya kwanza. Mtaa mpya unazaliwa na nyumba mia mbili, maduka ya pombe kumi, na hakuna hata kipande kilichoachwa kwa shule. Miaka mitano baadaye, shirika likija na pesa za kujenga, linaambiwa nafasi imebaki bondeni, mahali maji yanapojaa. Kabla ya kugawa kiwanja cha kwanza cha mtaa mpya, chifu atenge cha shule, akipime, akiandike na akitangaze. Hilo halihitaji pesa kutoka Kinshasa.

Na wenye silaha, wa upande wowote, waache shule. Congo ilijiunga mwaka 2016 na tamko la kimataifa la kulinda shule wakati wa vita. Askari anayelala darasani, hata akiwa amekuja kulinda raia, anaifanya shule kuwa shabaha. Familia haiwezi kuambiwa ikae karibu na shule ikiwa shule yenyewe inageuzwa kambi.

Mji nao huhama

Watu wa kusini mwa Maniema hawafundishwi kuhama. Kasongo yenyewe ilihama: mji wa kale, ule wa enzi za Tippu Tip, haukuwa mahali mji wa leo ulipo. Pale pa kale panaitwa Tongoni, na jina linajieleza, kwa kuwa tongo ni mahali palipoachwa. Waliokaa pale walidhani utajiri wao hautaisha. Pembe za ndovu ziliisha, mji ukahama, miti ikaota juu ya misingi ya nyumba.

Dhahabu ya Salamabila nayo ina mwisho wake, au itafika siku ambayo mashine ya kampuni, vita au bei vitawafukuza wachimbaji kwenda kutafuta mahali pengine. Siku hiyo familia itafunga tena godoro kwenye pikipiki. Watoto waliokaa karibu na shule watapanda juu ya mzigo wakiwa na buletini zao ndani ya plastiki, na popote watakapofika watapewa kalasi yao. Waliokaa karibu na shimo watafika na mikono mitupu, na baba yao ataulizwa tena lile swali la kwanza: "Unaenda shimo gani?" Safari hii ataulizwa pamoja na mtoto wake.